Misimu Miwili ya Chiku

Chiku binti Rahimu alijifunza kudunda mpira akiwa na miaka ishirini, umri ambao wachezaji wengi huwa wamekwisha kukomaa. Kwao Pangani wasichana walicheza netiboli, na netiboli aliiweza kweli: alikuwa mfupi, mwepesi, na mikono yake haikuangusha kitu. Alipochaguliwa kwenda chuo cha ualimu Tanga, jioni ya kwanza ya michezo alivaa raba zake akaenda kuitafuta timu. Akaambiwa imejaa, ajaribu mwakani. Akawa anarudi bwenini kwa unyonge, akapita kando ya uwanja wa saruji ambako Mwalimu Castory alikuwa amesimama na filimbi shingoni, akiwatazama wasichana wachache waliojitokeza kama mtu anayetazama shamba lililokataa kuota.

Mwalimu Castory alikuwa mwalimu wa hisabati, mtu wa Bukoba, mpole darasani na mkali uwanjani. Alimwita yule binti mfupi, akamrushia mpira hata kabla ya kumuuliza jina. Chiku akaudaka. Akamrushia mwingine, wa chini, wa nguvu. Akaudaka na huo. Mwalimu akataka kujua kama amewahi kucheza mpira wa kikapu. Chiku akasema hajawahi, na hata sheria zake hazijui.

"Sheria nitakufundisha," mwalimu akasema. "Mikono ndiyo siwezi kumfundisha mtu."

Tabu ikawa miguu. Katika netiboli ukidaka mpira unasimama, na Chiku kila akiupata alisimama kama mti, wenzake wakampita mbio wakamwacha. Mwalimu akampa mpira mmoja mkuukuu, uliokwisha kuchubuka ngozi, akamwambia huo ni wake na asiende mahali popote chuoni pale bila kuudunda. Basi akienda kula, anadunda. Akienda bombani, ndoo mkono wa kulia na mpira mkono wa kushoto, maji yakimmwagikia ubavuni. Wasichana wa bweni wakanung'unika, mlezi wao akamwonya mara mbili, lakini mvua za vuli zilipokatika mpira ule ulikuwa unamfuata Chiku kama mwanambuzi anavyomfuata mama yake.

Akapewa nafasi ya gadi. Gadi ndiye anayeupandisha mpira kutoka nyuma na kupanga mchezo; wengine hukimbia, yeye hufikiri. Na hapo ndipo Mwalimu Castory alipogundua kwamba yule binti alikuwa na kitu zaidi ya mikono. Alikuwa anaona. Anatazama kulia, mpira unakwenda kushoto, na kushoto kweli pana mtu. Ukimuuliza amejuaje, anasema aliisikia miguu ya mwenzake kwenye saruji.

Miguu aliyoizoea kuliko yote ilikuwa ya Ruthi. Ruthi alikuwa binti wa wakulima wa mboga wa Lushoto, Mlutheri, mrefu kupita wavulana wengi wa chuo, mzito wa kukimbia lakini akisimama chini ya kikapu hakuna wa kumsogeza. Walilala vitanda vya kupandana, Ruthi chini na Chiku juu. Mmoja aliamka alfajiri kuswali, mwingine Jumapili kwenda kanisani, na kila mmoja alimwamsha mwenzake asichelewe. Uwanjani hawakuitana. Ruthi aliinua mkono, mpira ukawa mkononi mwake. Watu wa Tanga waliozoea kuja kutazama mpira wa miguu wakaanza kubaki na mchezo wa wasichana, wakisema, "Ngoja tumuone yule yakhe mfupi na jengo lake."

Msimu wa kwanza waliishia nusu fainali ya kanda. Lililomsumbua Chiku msimu ule halikuwa wapinzani bali mtandio. Aliubana kwa pini, akikimbia unateleza, akidunda kwa mkono mmoja anauvuta kwa mwingine, na mara moja msichana wa timu pinzani aliukanyaga ulipoanguka, mpira ukapotea. Aliporudi Pangani likizo alimsimulia mama yake, Sabra, huku wakikuna nazi. Alidhani wako wawili.

Baba yake, fundi Rahimu, alikuwa barazani kwenye cherehani yake ya miguu, mlango wazi. Alikuwa mtu wa maneno machache. Bega lake la kushoto lilikuwa limeshuka kwa miaka ya kuinamia kitambaa, na watu wa Pangani walimtambua kwa bega lile hata akiwa Bweni, kijiji cha ng'ambo ya mto. Wengine walikuwa wamemuuliza kwa nini anamwacha binti yake acheze mbele za watu. Yeye huwajibu kwamba mtoto amekwenda kusoma ualimu, na mwalimu lazima ajue kukimbia. Zaidi ya hapo hakusema, wala hakuwa amewahi kumtazama Chiku akicheza.

Jioni ile alimwita Chiku barazani. Alimuuliza jezi zao ni za kitambaa gani, na kama anaweza kupata kipande. Kipande kilipokuja, cha kijani, alimkalisha mbele yake akampima kichwa kwa futi yake, paji la uso, kisogo, chini ya kidevu, taratibu, kama anavyopima bibi harusi. Akamshonea ushungi wa kubana, usio na pini wala ncha, unaovaliwa kama soksi. Alipoujaribu, Chiku alitikisa kichwa kwa nguvu zake zote, ukakaa. Akaruka, ukakaa. Fundi Rahimu akatazama pembeni ili binti asimwone anavyocheka.

Msimu wa pili ulikuwa wa Chiku. Kwa kuwa mikono yote miwili sasa ilikuwa huru, hakuna gadi wa kanda ya kaskazini aliyeweza kumnyang'anya mpira. Walivishinda vyuo vya kwao, wakaenda Moshi wakashinda, wakaenda Arusha wakashinda kwa shida, na fainali ya kanda ikapangwa ichezwe Tanga. Mshindi angekwenda Dodoma kwenye fainali za taifa. Mwalimu Castory alimwita Chiku kando akamwambia kwamba timu moja ya wanawake ya Dar es Salaam inatafuta gadi, na kocha wake atakuwa Dodoma. Hakumwahidi kitu. Alimwambia tu ale vizuri na alale mapema. Chiku alimpigia simu mama yake akamweleza habari za fainali, siku na saa, na Sabra akamwombea dua.

Siku ya fainali ilikuwa Jumamosi, jua kali baada ya adhuhuri, watu wamekaa hadi juu ya ukuta. Mchezo ulikuwa karibu kuanza, wachezaji wamekwisha kuingia uwanjani, ndipo refa mkuu alipomwita Chiku. Refa huyo alikuwa ametumwa kutoka mbali kwa ajili ya fainali hiyo, na hakuwa mtu mbaya. Aliushika ushungi kwa vidole viwili, akauvuta kidogo upande wa kisogo, akatikisa kichwa. Akamweleza Mwalimu Castory kwamba sheria ya mchezo huo duniani haikubali mchezaji kufunika kichwa. Marefa wengine huenda walifumba macho, lakini hapa anatafutwa mwakilishi wa kanda, na timu pinzani ikikata rufaa ushindi wote utafutwa. Ama auvue, ama akae benchi.

Mwalimu alibishana. Aliomba kitabu cha sheria, akaonyeshwa, akasoma kifungu chenyewe mara mbili akiwa amekunja uso. Sheria ile ilikuja kuondolewa mwaka mmoja baadaye, lakini siku ile ilikuwepo. Watu ukutani walianza kupiga miluzi, wengine wakicheka bila kujua wanacheka nini. Ruthi akaja akasimama karibu na Chiku kama ukuta wa pili, akasema kwamba Chiku akikaa nje na yeye anakaa nje. Mwalimu Castory akamgeukia Chiku.

"Uamuzi ni wako, binti," alisema. "Ukikaa, sitakulaumu. Ukicheza, sitakulaumu."

Chiku hakufikiri sana. Baadaye, kwa miaka mingi, alijaribu kukumbuka kama alifikiri, na hakuona fikra yoyote, aliona mpira tu umekaa chini ya mkono wa refa. Aliushika ushungi kidevuni akauvua, akautupa kuelekea benchi, ukaangukia chini, penye vumbi na makopo ya maji. Nywele zake zilikuwa zimesukwa mistari, Ruthi ndiye aliyemsuka usiku uliotangulia. Upepo wa baharini ulimpiga kisogoni, akasikia baridi mahali ambapo hakuzoea kusikia baridi. Filimbi ikalia.

Alicheza siku ile kama hajawahi kucheza. Kila alikotupa mpira palikuwa na mtu. Timu pinzani ilimwekea walinzi wawili. Akapita katikati yao akiwa ameinama, mpira ukidunda chini ya magoti. Walipokwenda mapumziko walikuwa mbele. Kipindi cha pili kilipoanza, akiwa anaupandisha mpira upande wa lango la barabarani, aliinua macho kutafuta nafasi, akaona mtu anatoka. Kofia ya kufumwa, shati jeupe la mikono mirefu, bega la kushoto limeshuka. Mtu yule hakugeuka. Alipenya kati ya watu waliosimama langoni, akaishia.

Mpira ulimtoka mkononi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuupoteza siku nzima. Mwalimu Castory akapiga kelele kutoka benchi, Chiku akakimbia kurudi kukaba, na mchezo ukaendelea, kwa kuwa mchezo haumngoji mtu. Walishinda kwa kikapu kimoja. Pasi ya mwisho ilitoka kwa Chiku ikapita juu ya vichwa vya wote ikatua mikononi mwa Ruthi, naye akageuka akaitumbukiza. Watu wakaingia uwanjani wakawabeba. Chiku, akiwa juu ya mabega ya wenzake, alikuwa anatazama lango.

Alipopata likizo fupi akaenda nyumbani. Kabla ya lolote alimuuliza mama yake kama baba alikuja Tanga Jumamosi ile. Sabra akasema ndiyo, alikwenda kununua uzi na vifungo, akarudi jioni amechoka, hakula. Hakusema zaidi, kwa sababu hakujua zaidi. Chiku akaelewa anavyoelewa mtu mwenye hatia: baba alikuja kumwona, akamwona kichwa wazi mbele ya mji mzima, akaondoka kwa hasira, na hasira yenyewe ilikuwa kubwa hata hakumwambia mkewe.

Alimwamkia. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Masomo?"

Akamjibu kwamba masomo ni mazuri. Fundi Rahimu akaitikia, akainamia cherehani. Mchezo hakuutaja. Siku zote za likizo ile hakuutaja, na Chiku hakuthubutu kuutaja yeye. Ushungi wa kijani aliuficha chini ya begi, hakuutoa. Alimtazama baba yake akitia uzi kwenye sindano, akangoja akemewe. Angekemewa angelia, angeomba radhi, yangekwisha. Lakini hakuna aliyemkemea.

Aliporudi chuoni alikwenda kwa Mwalimu Castory akamwambia hatakwenda Dodoma. Mwalimu alidhani anaumwa. Kisha alidhani kuna mwanamume anataka kumuoa. Chiku mwishowe akamweleza alichokiona langoni. Mwalimu akasema jambo hilo ni dogo kwa watu wanaozungumza. Akasema atapanda gari kesho yake aende Pangani, akae na mzee barazani, amweleze sheria ilivyokuwa na kwamba binti hakuvua kwa kupenda.

"Usimwendee baba," Chiku akasema.

"Kwa nini?"

"Ukimwendea ndipo itakuwa jambo la watu. Sasa hivi ni letu."

Mwalimu alimsihi siku hiyo na siku iliyofuata. Chiku alishika lilelile. Mwalimu akaheshimu neno lake, na timu ikaenda Dodoma na gadi wa akiba, msichana wa mwaka wa kwanza ambaye hakuwa amewahi kuona uwanja wenye paa. Walitolewa mapema. Ruthi alirudi na mguu umevimba, akajilaza kitandani pake chini, hata siku ya tatu ndipo alipozungumza. Alisema kule Dodoma aliinua mkono mchezo mzima na mpira haukuja. Hakumtukana Chiku, ingekuwa afadhali amtukane. Kocha wa Dar es Salaam alimchukua gadi wa chuo kingine, na Chiku alikuja kusikia kwamba yule gadi alicheza vizuri sana.

Hakuugusa mpira tena. Walipomaliza mafunzo, ajira za walimu zilikuwa zimesimama, Chiku akarudi nyumbani kungoja. Alingoja miaka. Alimsaidia baba yake kukata vitambaa, kupiga pasi, kutengeneza matundu ya vifungo. Walikaa baraza moja, hatua chache kati yao, wakazungumza juu ya bei ya nazi na kivuko kilichoharibika na harusi ya nani, na jambo lile likakaa katikati yao kama mgeni asiyekaribishwa wala kufukuzwa. Ikitokea redio ikatangaza habari za mpira wa kikapu, fundi Rahimu huinuka akaizima, na Chiku huona uchungu kwa kudhani hasira bado haijaisha.

Hatimaye aliajiriwa, shule ya msingi upande wa Mkwaja. Akaolewa na mwalimu mwenzake, Rama, mtu mtaratibu, wakapata binti. Sabra alifariki mwaka ambao mtoto alianza kutembea. Siku moja, akipitia habari kwenye simu, Chiku aliona picha ya wachezaji wa kikapu wa nchi za mbali wamefunika vichwa, akasoma kwamba sheria imeondolewa tangu zamani. Aliiweka simu chini akaenda kufundisha kipindi chake cha hesabu. Rama alipomuuliza usiku ana nini, alisema kichwa kinamuuma.

Mwaka jana macho ya fundi Rahimu yalianza kuingiwa na ukungu. Alishona mikono ya shati nje ndani, mteja akacheka, na mzee akafunga cherehani. Chiku akaomba ruhusa shuleni, akavuka kivuko cha Bweni, akamchukua baba yake hadi Tanga kwa daktari wa macho. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, macho yanaweza kupasuliwa, wakapangiwa siku. Walipotoka hospitali gari la Pangani lilikuwa bado, mzee akaomba wapumzike mahali penye kivuli. Chiku alimshika mkono wakatembea polepole, na hakutambua anampeleka wapi mpaka aliposikia mpira unadunda.

Ulikuwa uwanja uleule wa fainali, ila ukuta umepakwa rangi. Wasichana wa vyuo walikuwa wanafanya mazoezi. Wakakaa kwenye ngazi ya saruji. Fundi Rahimu akageuza sikio.

"Wanaocheza ni nani?"

"Wasichana, baba. Wa chuo."

Mzee akakaza macho, akaona rangi tu zinapita. "Wamevaa nini kichwani?"

Chiku akageuka kuwatazama. Akajibu kwa upole kwamba wengine wako wazi, wengine wamevaa shungi za kubana, maana siku hizi wanaruhusiwa.

"Wanaruhusiwa?" Fundi Rahimu akamgeukia. "Kwani ilikuwa hairuhusiwi?"

Chiku akamtazama. Mzee alikuwa anauliza kweli, uso wake umekunjamana kama wa mtu anayetafuta kitu kilichoanguka.

"Sheria ilikuwa inakataza, baba. Siku ile ya fainali. Refa alisema niuvue au nisicheze."

"Sheria," mzee akarudia. Wasichana wakacheza, wakapumzika, wakaanza tena. Aliposema, alisema akitazama mikono yake. "Mimi nilidhani ni ule wangu. Nilikuwa nimesimama mbali. Nilimwona yule bwana anaushika, anauvuta kwa nyuma, anatikisa kichwa. Nikajua ni mshono wa kisogoni. Niliushona mara mbili ule, ukawa mgumu, na nilipokuwa naushona niliuona ni mgumu, nikasema aa, utalainika. Nikaona watu wanacheka. Kisha nikakuona umeutupa chini, kando ya benchi."

"Sikuutupa, baba," Chiku alianza, akaacha. "Niliutupa. Mchezo ulikuwa unaanza."

"Nikasema nimemtia mtoto aibu mbele za watu. Nikasema nikae, labda nitazoea. Sikuweza. Nikatoka. Halafu nikasikia umeacha kucheza, nikajua ni kwa sababu yangu."

Chiku akamuuliza kwa nini hakuuliza.

"Ningeuliza nini?" mzee akasema. "Mtu akutie aibu, kisha akuulize kama umeona aibu? Niliona bora ninyamaze, nisikutoneshe kidonda. Hata redio nilikuwa nazima."

Chiku alikuwa analia bila sauti, na kwa kuwa baba yake hakuona vizuri, hakujifuta. Aliuliza jambo ambalo alilibeba muda wote ule. "Hukukasirika? Nilicheza kichwa wazi."

Fundi Rahimu alifikiri. Hakuwa mtu wa kumdanganya mtoto ili amfurahishe. "Nilichukia," akasema. "Kidogo nilichukia. Lakini hasira yenyewe ilikwisha kabla gari halijafika Kigombe. Ile aibu ya mshono ndiyo haikwisha."

Kisha akaomba asimuliwe mchezo ulivyomalizika, kwa maana yeye aliondoka katikati. Chiku akamsimulia, walinzi wawili, mpira uliomtoka, pasi ya mwisho na Ruthi alivyogeuka. Alijaribu kuusimulia kwa furaha. Mzee alitikisa kichwa kila mahali panapostahili, akauliza Ruthi ni yupi, akauliza walishinda kwa kiasi gani. Alipoelewa kwamba ule ulikuwa mchezo wa mwisho wa binti yake, kwamba baada ya pasi ile hapakuwa na nyingine, alikiachia kichwa chake kikainama.

"Yule mwalimu wako hakuona?" akauliza. "Hapakuwa na mtu wa kuja kuniambia?"

"Alitaka kuja. Mimi ndiye niliyemkataza."

Mzee akauliza kama gari limekaribia.

Gari la Pangani lilipokaribia kuondoka waliinuka. Usiku ule Chiku alimpigia simu Ruthi, ambaye sasa anafundisha Korogwe na ana watoto watatu, akamweleza yote. Ruthi alisikiliza hadi mwisho. Alisema alikuwa amemsamehe zamani, na kwamba afadhali asingejua, kwa sababu alipodhani Chiku aliacha kwa ajili ya dini yake na baba yake, ilikuwa na maana. Kisha mtoto mmoja akalia kwake na ikabidi akate simu. Chiku akaitafuta namba ya Mwalimu Castory. Alimpata mwanawe, aliyemwambia kwamba mzee alifariki huko kwao Bukoba, miezi michache baada ya kustaafu.

Jicho la kwanza la fundi Rahimu lilipasuliwa, likapona vizuri. Siku walipomfungua bandeji alitazama dirisha, akamtazama mjukuu wake, kisha akamtazama Chiku kwa muda, akasema amekonda. Akaomba jambo moja: siku moja ampeleke Tanga, amwone anacheza, hata kama ni kucheza peke yake.

Chiku alikwenda kwanza bila yeye. Aliwaomba wasichana wa chuo mpira, wakampa kwa adabu, wakimwita mwalimu. Akajaribu kuupandisha toka upande mmoja hadi mwingine. Mpira ulimpiga mguuni ukakimbilia ukutani. Akajaribu tena, akafika katikati, pumzi ikamkata. Msichana mmoja akajipanga kupokea pasi, Chiku akaitupa, ikafika nyuma yake. Msichana akaenda kuiokota, akarudi akatabasamu, akasema hata yeye huwa anakosea. Chiku akawashukuru, akarudisha mpira, akavaa viatu vyake.

Baba yake alipouliza tena, mwezi wa Shaabani, alimwambia uwanja unatengenezwa, wangoje kidogo. Mzee akasema haya. Hajauliza tena tangu siku hiyo, na jicho la pili limekwisha kupasuliwa, anaona hadi ng'ambo ya Bweni.